MTU KIMYA KATIKA KUNDI LA MASOMO
(Maneno yaliyosemwa kwa wanachama wa Njiru)



Sisi wa Njiru, watu wa reli na wa machimbo ya mawe, tumezoea kukutana jioni, tukawekewa shida moja katikati, tuitatue pamoja. Njia hii si mchezo. Chuo Kikuu cha McMaster, Canada, kilianza kufundisha madaktari hivyo mwaka 1969: habari za mgonjwa kwanza, hotuba baadaye, wanafunzi wachache wakiulizana. Chuo Kikuu cha Moi, Eldoret, kiliishika njia hiyo kilipopokea wanafunzi wake wa udaktari mwaka 1990.

Lakini tutazame ni nani husema katika kundi letu. Husema karani, maana amezoea karatasi. Husema hodari wa maneno, awe amesoma au hakusoma (yupo hapa, asikasirike). Fundi hunyamaza. Atakayesema hana akili na ampe boliti iliyolegea, ataelezwa sababu kabla hajamaliza kuuliza.

Shida ya juzi ilikuwa karatasi ya mshahara. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 yasema mwajiri aonyeshe mshahara na makato kwa maandishi, na makato yote yasizidi theluthi mbili za mshahara. Karatasi iliposomwa kwa sauti, wawili tu walijibu, nao walisema iko sawa. Ndipo tukapanga vifuniko vya soda mezani, kimoja kwa shilingi elfu, vyote 18. Tukaondoa 13 vya makato. Wavunja mawe, waliokuwa kimya tangu mwanzo, wakapiga kelele: vimebaki 5, theluthi ni 6! Pesa ya mwenzetu ilikuwa imeliwa, na wasomaji wameipita.

Hata hivyo tusiwapange watu kwa mafungu, huyu wa masikio, huyu wa macho. Mwaka 2008 wataalamu wanne wa Marekani walichunguza jambo hilo, wasione ushahidi wa kutosha kwamba kumfundisha kila mtu kwa mtindo wake humzidishia elimu. Karani naye ahesabu vifuniko, na fundi naye asome. Sisi twatafuta mlango ambao kila mtu ataweza kuingilia katika mazungumzo.

Jumamosi ijayo shida ni kamati ya usalama, ambayo sheria yaitaka kila penye wafanyakazi 20 au zaidi. Tutachora chini kwa mkaa mahali pa kazi na penye hatari. Mafundi watasema kwanza, karani ataandika.