Ukimya wa Kidato cha Kwanza: Mwalimu wa Kiingereza na Haki ya Mtoto Darasani



Nianze na mtungi. Miaka yangu ya mwanzo kazini nilifundisha Kiingereza kidato cha kwanza katika shule moja ya kata. Wanafunzi walikuwa wapatao 80, vitabu 6. Siku moja tulisoma habari ya maji kugeuka mvuke, nikamwuliza binti mmoja, kwa Kiingereza, kwa nini maji ya mtungi hupoa. Akasimama, akainamisha kichwa, akanyamaza. Nikamwacha amesimama hadi kengele ilipolia, maana ndivyo nami nilivyofundishwa. Jioni, wakati wa kumwagilia bustani, nikamwuliza swali lile lile kwa Kiswahili. Akaeleza bila kusita: mtungi hutoa jasho, jasho likikauka huondoka na joto, na ndiyo maana mtungi mpya hupoza maji kuliko mkuukuu ulioziba vitundu. Hilo la mwisho halikuwamo katika kitabu changu.

Muhula wa pili hakurudi. Hakuna aliyemfuata nyumbani kwao, mimi nikiwamo.

Mtoto wa shule ya msingi ya serikali husoma kwa Kiswahili miaka yake yote, hufanya mtihani wa mwisho kwa Kiswahili, kisha Januari anaingia kidato cha kwanza na kukuta biolojia, jiografia na hisabati zote zimehamia Kiingereza. Pembeni yake ameketi mwenzake aliyetoka shule ya mchepuo wa Kiingereza, ambaye wazazi wake walimudu ada. Dawati ni moja, ubao ni mmoja, mtihani ni mmoja. Tangu Januari 2016 shule za serikali hazitozi ada hadi kidato cha nne, na mlango ule ulipofunguka niliushangilia kwa moyo wote. Lakini aliyeingia na asielewe kinachosemwa bado yuko nje.

Mwaka 1974 Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua kesi iliyoletwa kwa niaba ya wanafunzi wa asili ya Kichina wa San Francisco, ambao wapatao 1,800 kati yao hawakujua Kiingereza wala hawakupewa msaada wowote wa kukijua. Inaitwa kesi ya Lau. Mahakama ilikataa hoja kwamba kuwapa watoto walimu, vitabu na mtaala ule ule ni kuwatendea sawa, ikiwa hawaielewi lugha ya darasa. Miaka 10 baadaye, hapa kwetu, watafiti Criper na Dodd waliandika ripoti yao juu ya Kiingereza katika shule za Tanzania, wakaonyesha kuwa wanafunzi wengi wa sekondari hawakuweza kufuata masomo kwa lugha hiyo. Hiyo ni 1984. Wengi mlioketi humu hamkuwa mmezaliwa.

Mjadala wa sera mnaujua. Mimi ni miongoni mwa wanaotaka Kiswahili kitumike kufundishia sekondari, na sitachoka kulidai hilo. Ila toleo la 2023 la Sera ya Elimu na Mafunzo limekibakiza Kiingereza, na mtoto aliye darasani kesho asubuhi hawezi kungojea toleo jingine.

Kwa hiyo nasema na mwalimu wa Kiingereza. Wewe ndiye uliyekabidhiwa lugha ambayo karibu masomo mengine yote yanaitegemea. Kile kibao anachovishwa shingoni mtoto aliyeteleza akasema Kiswahili, kiondoe. Hakijawahi kumfundisha mtu Kiingereza. Kinafundisha kunyamaza, tena kinafundisha watoto kuviziana, kwa kuwa aliyekivaa hana njia ya kukivua ila amnase mwenzake. Acha wawili wawili wajadiliane kwanza kwa Kiswahili, wakubaliane wanachotaka kusema, ndipo waandike kwa Kiingereza. Utashangaa sentensi zitakazotoka. Asome pia aliye nyuma, si wale watano wa mbele walionyoosha mikono kabla hujamaliza swali. Na anapochanganya r na l kwa sababu lugha ya mama yake haizitenganishi, darasa lisicheke. Kicheko hicho nimekiona kikimfunga mtoto mdomo kwa mwaka mzima, na mara nyingi aliyekianzisha ni mwalimu.

Yupo pia mwanafunzi kiziwi. Kwake Lugha ya Alama ndiyo ya kwanza, Kiswahili cha kuandika cha pili, Kiingereza cha tatu. Tunamkalisha mbele tukidhani tumemsaidia, kisha tunafundisha tukiwa tumegeukia ubao. Tanzania iliridhia Mkataba wa Haki za Watu Wenye Ulemavu mwaka 2009, ikatunga sheria yake mwaka 2010. Kumgeukia mwanafunzi unapozungumza, na kuandika ubaoni kila neno jipya, hakuhitaji bajeti ya wizara.

Sasa ninyi wakuu wa shule. Mwalimu mmoja mmoja anaweza kulibadili darasa lake, lakini ratiba mnaipanga ninyi. Nimepitia ratiba za shule nyingi katika utafiti wangu, na jambo moja limejirudia: mwalimu hodari wa Kiingereza hupewa kidato cha nne, kwa kuwa huko ndiko matokeo yanakotazamwa, na kidato cha kwanza huachiwa mgeni aliyeripoti juzi. Naielewa hofu ya matokeo. Maofisa elimu huwaita na kuwahoji. Lakini kufikia kidato cha nne baadhi ya waliohitaji msaada wameshaacha shule, na waliobaki wamezoea kukariri wasichokielewa.

Januari wanakuja wengine. Mpangieni kidato cha kwanza mwalimu wenu bora wa Kiingereza, na siku hiyo hiyo vikusanyeni vile vibao vyote, mvichome.