Kamati ikiwa na mwanzo, iwe na mwisho

Maneno kwa viongozi na familia za wakimbizi wa ndani



Katika kambi tunazopitia, swali moja halikosi: kamati hii itakaa mpaka lini? Pasipo na jibu, manung'uniko huanza juu ya orodha ya misaada, halafu yanageuka kuwa ya kabila.

Leo tunaleta mfano wa mbali, lakini unatugusa. Wako ndugu zetu waliokimbia vita wakapokelewa Marekani. Aliyepata uraia kule anaweza siku moja kupokea barua ya korti inayomwita kukaa katika grandi juri. Barua hiyo si mashtaka. Ni mwito wa kazi.

Grandi juri ni baraza la raia wa kawaida. Katika korti za serikali kuu ya Marekani, huwa na watu 16 hadi 23. Wanasikiliza ushahidi kwa siri, kisha wanaamua kama mtu ashtakiwe kwa kosa kubwa. Wasipokubali angalau 12, hashtakiwi. Hawatoi hukumu.

Muda wao ni miezi 18, na korti inaweza kuwaachia mapema. Kazi ikibaki, korti inaweza kuwaongezea muda usiozidi miezi 6, ikiwa ni kwa faida ya watu wote. Kuna pia grandi juri za pekee, zilizowekwa na sheria ya mwaka 1970 ya kupambana na magenge ya wahalifu. Hizo zinaweza kuongezewa mpaka miezi 36. Majimbo nayo yana sheria zao.

Tuangalie mambo matatu. Kwanza, mwisho unajulikana tangu siku ya kwanza. Pili, wanaokaa hawajiongezei muda wenyewe: anayeongeza ni mwingine, tena kwa sababu. Tatu, hata nyongeza ina mpaka. Kazi isipoisha, baraza jipya linaweza kuipokea pamoja na ushahidi ulioandikwa.

Kamati zetu si grandi juri, wala si korti. Mauaji na ubakaji havimalizwi kwa mbuzi chini ya mti. Vinapelekwa mbele ya sheria. Lakini somo la muda linatufaa. Tunawaomba kila kamati iandike katika daftari: tumeanza tarehe gani, tunamaliza lini, nani anaweza kutuongezea, kwa sababu gani, mara ngapi. Vita vikizuia uchaguzi, mkutano wa wakaaji wote, wamama wakiwemo, ndio uamue nyongeza, si kamati peke yake. Siku ya mwisho ikifika, daftari, orodha na funguo vikabidhiwe mbele ya watu.

Kiongozi anayetoka kwa wakati wake hakupoteza heshima. Amewaachia watu wake njia ya kubadilishana uongozi bila kugombana.