Naamani Alizama Mara Saba

Hotuba ya dada muuguzi wa wodi ya watoto, ibada ya maadhimisho

Mliovuka mpaka usiku kwa basi, poleni na safari na karibuni sana. Baba Askofu amenipa dakika kumi niseme juu ya saratani ya watoto.

Kila mwaka watoto na vijana wapatao 400,000 duniani hupata saratani. Shirika la Afya Duniani linasema kwamba katika nchi tajiri zaidi ya 80 kati ya kila 100 wanapona. Katika nchi nyingi zenye uwezo mdogo kama zetu hawafiki 30. Sababu ni nyingi: ugonjwa unagunduliwa umechelewa, dawa zinakosekana, hospitali iko mbali. Hayo tuyaombee na serikali zetu tuzikumbushe. Lakini iko moja ambayo imo mikononi mwetu sisi tulioketi humu: mtoto kuanza matibabu, halafu akatolewa kabla hayajaisha.

Chukueni uvimbe wa taya. Aliyeueleza kitaalamu mwaka 1958 ni daktari mpasuaji Denis Burkitt, wa Mulago, Kampala, naye alikuwa Mkristo mwombaji. Mwaka 1961 yeye na wenzake wawili walipanda gari kuukuu wakashuka kutoka Uganda mpaka Afrika Kusini, hospitali kwa hospitali, safari ya kilomita kama 16,000, wakiuliza ni wapi watoto wana uvimbe huu. Jamani, hao walijua kuvuka mipaka!

Sasa sikilizeni. Uvimbe huu hukua haraka mno, na huohuo huitika dawa haraka. Dripu ya kwanza tu, siku chache, sura ya mtoto imerudi. Hapo ndipo penye hatari. Mama analia kwa furaha, simu inapigwa kijijini, Jumapili mtoto yuko madhabahuni, vigelegele. Kule wodini dozi ya pili inamngoja na yeye hayupo. Chembe zilizobaki mwilini huzioni kwa macho. Wiki kadhaa baadaye analetwa tena, uvimbe umerudi, na safari hii dawa haisikii kama mwanzo. Nimewapokea watoto wa namna hiyo kutoka pande zote za mpaka. Ushuhuda wao wa pili kanisani haukusomwa.

Sisemi msiombe. Mimi naomba nikiwa nimeshika sindano. Ila Naamani, aliyevuka mpaka kutoka Shamu kutafuta uponyaji, aliambiwa mara saba. Biblia haisemi ngozi yake ilikuwaje mara ya tatu. Na mtoto mwenye saratani ya damu anaweza kutibiwa miaka miwili hata mitatu. Kwa hiyo wachungaji wangu, mkiletewa mtoto ashuhudie, ulizeni kwanza: daktari amesema dozi imeisha? Kama bado, mwombeeni, kisha mpeni nauli ya kurudi.

Maana nauli ndiyo mzizi, kuliko hata imani. Mama ameacha watoto wengine nyumbani, shamba halijapaliliwa, mjini hana pa kulala, na kama amevuka mpaka, bima yake haikuvuka naye. Sisi tuna washirika Kampala, Eldoret, Mwanza, miji yenye hospitali zinazotibu watoto hawa. Godoro moja sebuleni kwako linaweza kumbakiza mtoto kwenye matibabu. Na vijana, toeni damu. Dawa hizi hushusha damu ya mtoto, na usiku tunaitafuta kwa shida kwelikweli.

Wazazi, angalieni watoto wenu. Weupe unaong'aa ndani ya mboni ya jicho, hasa kwenye picha ya simu. Tumbo lililovimba au kuwa gumu upande mmoja unapomwogesha. Taya kuvimba, meno kulegea kabla ya wakati. Homa inayorudirudi pamoja na michubuko bila kuanguka. Ukiona hayo, nenda hospitali kesho asubuhi, usingoje kongamano.

Baada ya ibada nitakuwa pale mezani na daftari. Andika jina, mji, na kama una nafasi ya mama mmoja na mtoto wake. Wa damu waandike ukurasa wa nyuma.