Usimuulize "Umeelewa?"

Leo naongea nawe unayefundisha watoto baada ya shule, hapa Nakivale au kambi nyingine ya Uganda: dada mkubwa, mzazi, au kijana uliyemaliza sekondari kama mimi.

Nikuambie kosa langu. Binti mmoja wa miaka 13 alifika kutoka Kongo. Kule alikuwa mwaka wa sita wa primary. Hapa akawekwa darasa la nne kwa sababu hajui Kiingereza. Mama yake akaniomba nimsaidie hesabu. Nikamfundisha kugawanya, nikamuuliza, "Umeelewa?" Akajibu, "Ndiyo, mwalimu." Kesho yake daftari limejaa makosa. Nikarudia yaleyale kwa sauti kubwa zaidi, kana kwamba shida ilikuwa masikio yake! Wiki ya pili akamwambia mama yake kwamba shule basi, afadhali auze mandazi.

Hapo ndipo nilinyamaza. Nikampa kalamu: "Nionyeshe mlivyofanya kule." Akaandika 156, akachora mstari wa kusimama kuliani, akaweka 12 ng'ambo ya mstari, na jibu, 13, chini ya ile 12. Sahihi kabisa. Ndivyo wanavyofundisha kwenye shule za Kifaransa. Mimi, kama walimu wa hapa, nilikuwa naweka 12 kushoto, 156 ndani, jibu juu. Kwa hiyo yeye alikuwa anajaribu kugawanya 12 kwa 156!

Halafu kuna mkato. Kule 2,500 ni mbili na nusu. Hapa ni elfu mbili na mia tano. Alama moja tu, na mtoto anayejua hesabu anapata sifuri.

Basi tukaandika njia zote mbili kwenye ukurasa mmoja, ya Kongo na ya Uganda, hesabu ileile. Tulieleweshana kwa Kiswahili kwanza. Kiingereza kilikuja mwisho, maneno matatu kwa siku, maana mtihani wa hesabu wa darasa la saba unaandikwa kwa Kiingereza.

Na lile swali nimeliacha. Mtoto mwenye adabu hawezi kumwambia mkubwa "sijaelewa." Atasema ndiyo ili usiudhike. Sasa namwambia, "Mimi ndiye mwanafunzi, nifundishe." Kisha nasubiri. Kusubiri ni kugumu, usinione hivi. Nahesabu kimoyomoyo mpaka kumi ili nisimkatize.

Mtoto ambaye vita vilimnyima shule kabisa ni jambo jingine. Huyo hana njia ya zamani ya kukuonyesha. Anza naye na maharage mezani.

Yule binti bado anakosea kuzidisha kwa 7 na kwa 8. Mandazi anauza Jumamosi tu.

Kama una daftari lenye makosa usiyoyaelewa, lilete hapa redioni kabla ya kipindi kijacho. Tutalitazama pamoja hewani, bila kutaja jina la mtoto.