Gasketi ya Silinda Hedi: Maneno ya Bwana Shamba kwa Wakulima Wenye Matrekta Madogo



Leo sitazungumza habari za mbegu wala mbolea. Nataka kuzungumza habari za injini. Tangu Kilimo Kwanza kilipotangazwa mwaka 2009, matrekta madogo ya mkono yamefika katika vijiji vyetu vingi. Lakini injini ikifa wakati wa kuvuruga majaruba, mpunga nao umepotea.

Mwaka mmoja, mwezi wa Januari, mkulima wa Mbarali alinijia. Gasketi ya injini yake ilikuwa imeungua, na gasketi mpya ilikuwa mbali. Nilimshauri aisafishe ile ya zamani, aipake gundi, airudishe. Kosa hilo lilikuwa langu. Injini ilifanya kazi siku mbili tu. Maji yakaingia katika oili, beringi zikaharibika. Miche ikazeeka kitaluni, na majaruba mawili hayakupandwa. Basi nisikilizeni vema, lisiwapate ninyi.

Gasketi hii ni kibati chembamba kinachokaa kati ya bloku na silinda hedi. Kazi yake ni kuzuia moto wa silinda, maji na oili visikutane. Ikiungua, dalili ni hizi: mapovu hutoka katika tangi la maji wakati injini inanguruma, maji hupungua upesi, moshi huwa mweupe hata injini ikiwa imepata moto, oili hugeuka rangi ya maziwa, injini huwa ngumu kuwaka na hukosa nguvu. Ukiona oili imegeuka hivyo, zima injini mara moja.

Sababu kubwa ni joto kupita kiasi, ambalo huipinda silinda hedi. Tena kumbukeni kwamba nyanda za juu maji huchemka mapema kuliko pwani. Mbeya mjini, penye mwinuko wa mita 1,700 hivi, huchemka kwenye nyuzi 94 hivi. Kwa hiyo tazameni maji mara kwa mara, wala msimwage maji baridi katika injini yenye moto.

Gasketi ikibadilishwa, kama ni kwa mkono wako au wa fundi, yafaa kazi ifuatane hivi:

1. Ngoja injini ipoe kabisa. Mwaga maji. Legeza nati kidogo kidogo kwa kupishana, usimalize moja kabla ya nyingine.

2. Ondoa mabaki ya gasketi kwa kipande cha mti mgumu. Usitumie msasa mkali wala tupa, maana mkwaruzo mmoja hufungua njia ya moto. Kausha matundu ya bolti. Oili au maji yakibaki ndani, bolti hudanganya kwamba imekaza.

3. Weka rula ya chuma iliyonyooka juu ya silinda hedi, kwa urefu na kwa mshazari. Ikiwa karatasi ya daftari yapita chini yake, silinda hedi imepinda. Ipeleke kwa fundi mwenye mashine ya kuinyoosha. Gasketi mpya peke yake haitaponya.

4. Tumia gasketi mpya ya injini ile ile. Usikate ya boksi wala ya mpira wa tairi. Unene ukibadilika, mgandamizo hubadilika. Hakikisha kila tundu limelingana na tundu lake. Usipake gundi isipokuwa kitabu cha injini kimeagiza.

5. Kaza nati kwa mshazari, kuanzia za katikati kwenda nje, kwa mizunguko mitatu: kwanza kidogo, kisha zaidi, mwisho kwa kipimo cha kitabu. Tumia spana yenye kipimo cha nguvu. Kama huna, azimeni mmoja kwa kijiji kizima.

6. Kama maji yalikuwa yameingia katika oili, mwaga oili yote, weka mpya. Jaza maji, washa injini polepole, tazama mapovu. Kitabu kikiagiza kukaza tena baada ya saa chache, usisahau.

Nunueni gasketi ya akiba mapema, kabla ya Novemba, mkaihifadhi bila kuikunja. Bei yake ni ndogo kuliko jaruba moja lisilopandwa. Mvua haimngojei fundi.