Tamthilia za Kwetu na Mambo ya Kikubwa: Tuzime Televisheni au Tutie Milango?

(Maneno yaliyozungumzwa katika kikao cha wazee na vijana, Ruwi, Maskati)



Wazee wangu, mama zangu, na nyinyi vijana mliokaa karibu na mlango ili mpate kutoka mapema, ahsanteni kwa kunialika. Mmenitaka niseme juu ya lalamiko linalosikika katika majumba yetu, hapa Ruwi mpaka Al Khuwair na Al Khoudh: kwamba tamthilia za Kiswahili kutoka nyumbani zimejaa mambo ya kikubwa, na hizo hizo ndizo wanazozitazama bibi na wajukuu ukumbi mmoja. Wengine mmesema tuzipige marufuku majumbani. Wengine mmesema Kiswahili cha watoto hawa kimebaki hapo tu, tukikata na hicho tumekwisha.

Sitaki kuzungumza hewani, nitachukua mfano mmoja. Disemba 2012 ilianza kurushwa Tanzania tamthilia inayoitwa Siri ya Mtungi, iliyoongozwa na Karabani. Mambo yake yako Bagamoyo, mji mdogo wa pwani: mpiga picha Cheche, mkewe Cheusi, majirani, vishawishi. Humo mna uzinzi, mna waume wenye nyumba ndogo, mna mazungumzo ya uzazi wa mpango na ukimwi. Baadaye ikawekwa YouTube bure, na ndiyo maana imefika mpaka kwenye simu ya mtoto wa miaka tisa hapa Maskati.

Sasa lalamiko liko wapi khasa? Mimi naona yako mawili, na tunayachanganya.

La kwanza ni la umri. Mtoto anaona kitu ambacho hakijafika wakati wake. Hilo ni kweli, na mzazi anayelisema asiitwe mshamba.

La pili ni la heshima ya jamii. Mtu akitazama tamthilia ya Marekani akamuona mzinzi wa New York, hasemi watu wote wa New York ni wazinzi, maana ameshawaona polisi wao, madaktari wao na wachungaji wao katika tamthilia mia. Lakini mji mdogo wa pwani unaonekana kwenye kioo mara moja moja. Mzinzi mmoja wa Bagamoyo anageuka kuwa watu wa pwani wote. Na sisi tunayajua maneno tuliyotiwa siku nyingi: wapwani wavivu, wapwani watu wa mahaba na uchawi. Jamii ikiwa ndogo, kila mhusika hubebeshwa mzigo wa wenziwe wote.

Tusidhani ni sisi peke yetu. Huko Canada, televisheni ya CBC ilirusha tangu 1992 hadi 1997 tamthilia inayoitwa North of 60, juu ya kijiji cha kubuni cha Lynx River, kaskazini kabisa, kwa wenyeji wa asili wanaoitwa Dene. Kijiji kidogo, mbali na kila kitu. Nayo ilikuwa na mambo mazito: ulevi, watu kujiua, majeraha ya watoto walionyang'anywa wazee wao wakapelekwa skuli za bweni. Lakini mbele ya kamera walikuwapo wenyeji wenyewe, na miongoni mwa waandishi alikuwamo Jordan Wheeler, mwenye asili ya wenyeji wa nchi ile. Mhusika mkuu aliigizwa na Tina Keeper, mwanamke wa kabila la Cree, ambaye mwaka 2006 alichaguliwa kuwa mbunge. Aibu ya kijiji ilisemwa, lakini waliokuwamo katika kuisema walikuwa wenye kijiji. Hapo pana tofauti kubwa.

Turudi kwetu. Wapo wanaosema mila zetu hazikuwa na mambo haya. Wazee wangu, kwa heshima zote, si kweli. Unyago ni kitu gani? Bi Kidude, aliyefariki Aprili 2013, alijulikana ulimwenguni kwa taarab, lakini nyumbani alijulikana pia kama somo aliyewatia wari unyagoni, na yaliyofundishwa huko hayakuwa ya kitoto. Jando nako hivyo hivyo. Na taarab? Nusu ya nyimbo tunazozitikisia vichwa harusini, mtu akizifasiri mbele ya mkwewe atatafuta pa kujificha.

Mambo yalikuwapo, lakini yalikuwa na milango. Unyagoni haingii mwanamume, wala haingii mtoto ambaye hajavunja ungo. Kuna siku yake, kuna nyumba yake, na kuna somo anayejibu maswali. Hata sinema za Unguja, Majestic, Empire na Cine Afrique, zilikuwa na mlango, na kukawa na maonyesho ya wanawake peke yao. Filamu zikipita kwanza kwa wakaguzi, tangu enzi ya Mwingereza. Na palipokuwa hapana mlango wa mbao palikuwa na mlango wa lugha, yaani fumbo. Kanga inasema jambo mbele ya watu wote, mkubwa anafahamu, mtoto anaona ua na rangi.

Televisheni imeng'oa milango hiyo yote mara moja, na simu imeng'oa hata ukuta. Hilo ndilo lililotupata. Kwa hiyo dawa yake ni kurudisha milango, maana kuibomoa nyumba hakutatusaidia kitu. Nasema hivyo kwa sababu mbili.

Kwanza, marufuku ni tangazo la bure. Kenya waliipiga marufuku filamu ya Rafiki Aprili 2018. Sitaki kuingia katika filamu yenyewe, kila mmoja ana msimamo wake. Lakini Septemba ile ile Mahakama Kuu iliisimamisha amri hiyo kwa siku saba, na kumbi za Nairobi zikajaa. Wangapi wangeijua bila ya marufuku?

Pili, kimya nacho kina maiti zake. Ukimwi haukuingia nyumba za watu kwa sababu ulitajwa, uliingia kwa sababu haukutajwa. Binti anayeharibiwa na mtu wa nyumbani hana pa kupata neno la kulisemea jambo lile, ikiwa kila neno ni mwiko. Tamthilia nzuri inaweza kumpa neno hilo. Tukikata kila kitu kinachotuaibisha tutakuwa tumewalinda watu wazima, siyo watoto.

Basi milango ipi? Natoa mitatu.

Mlango wa saa na onyo. Kenya, bodi ya filamu inaziwekea kazi alama: za watu wote, za mtoto akiwa na mzazi, za miaka 16 na za miaka 18. Na kwa televisheni za kawaida, saa 11 alfajiri mpaka saa 4 usiku ni wakati wa familia. Lakini YouTube haina saa 4 usiku. Huku ugenini, saa ni mzazi. Mtu mzima aitazame sehemu mpya kwanza, kisha aamue nani akae ukumbini. Na likitokea la kuuliza, mtoto ajibiwe. Somo wa zamani alikuwa na kazi ya kujibu, na sisi tumempa kazi hiyo rimoti.

Mlango wa fumbo. Hili nawaambia waandishi wa nyumbani watakaoyasoma maneno haya. Kuna haja gani ya kutuonyesha kitanda? Makubadhi ya kiume nje ya mlango ambao mume wake yuko safarini yamemaliza khabari nzima. Mkubwa ameumia moyo, mtoto ameona viatu. Kwetu huo ni ufundi wa lugha, wala si woga.

Mlango wa tatu ni kalamu, na huu unagharimu pesa. Siri ya Mtungi ililipiwa na Wamarekani kupitia USAID, kwa ajili ya elimu ya afya. Sisemi walifanya vibaya. Nasema aliyelipa ndiye aliyechagua ni ugonjwa gani wa mji wetu uzungumzwe. USAID yenyewe ilifungwa Julai 2025. Sasa nani atalipa? Ikiwa ni mfanyabiashara wa matangazo tu, atataka kitanda, maana kitanda kinauza. Na sisi tulioko Maskati, Dubai, London na Toronto tutaendelea kulalamika kwa sauti, wala hatutoi hata riyali moja kwa mwandishi kijana wa Wete au Bagamoyo anayetaka kuandika juu ya mtaa wake kwa ukweli na adabu.

Ndugu zangu, tunachangia misikiti, visima na mazishi, Mungu atulipe kheri. Lakini hadithi ya mji nayo ni amana. Usipoisema wewe ataisema mwengine, na wajukuu zako wataiamini kwa sababu imesemwa kwa Kiswahili. Kwa hiyo ombi langu kwa kikao hiki ni dogo: kabla hatujatawanyika leo tuchague watu watatu, mmoja wao awe mwanamke na mmoja awe katika hao vijana wa mlangoni, watuletee njia ya kumsaidia angalau mwandishi mmoja wa nyumbani. Tukishindwa hilo, basi tusimlaumu anayetuandikia kwa pesa za wengine.