MTIHANI WA DARASA LA SABA NA SISI WAZAZI
(Maneno ya Katibu mbele ya wazazi, Chemchem)



Mwaka 1970, Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima, wazee wetu walishika kalamu bila haya. Mbona sisi wa kisomo tunaikimbia karatasi ya mtoto?

Masomo ni sita, kila moja alama 50. Shule zetu za serikali huuliza Hisabati kwa Kiswahili. Basi jioni tumwambie: tuonyeshe njia, siyo jibu tu. Aliyepima tumbaku kwenye mizani hesabu anaijua.

Kiingereza hatukijui, asome kwa sauti, tumsikilize. Asikiache, maana sekondari hesabu hizo hizo hufundishwa kwa Kiingereza.

Septemba, wakati wa mtihani, vitalu vya tumbaku tumwagilie wenyewe.

Elimu haina mwisho!